Barua ya wazi kwa wakubwa wa elimu: praktiko zetu zinawafundisha watoto kupika majibu

Waheshimiwa wote mlioshika elimu ya sekondari ya nchi hii, wa wizarani, wa Tamisemi, wa Baraza la Mitihani, wa Taasisi ya Elimu na nyie wa mikoani na halmashauri, shikamooni mnaostahili shikamoo na wengine habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa kemia na baiolojia kwenye shule ya kata, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kazini, shule sitaji wala wilaya sitaji, kwanza kwa sababu ninachotaka kusema sio cha shule yangu peke yake na pili nikitaja tu kesho mkuu wangu wa shule ataitwa kujieleza wakati yeye naye anahangaika kama mimi.

Naandika kwa sababu ya kijana mmoja na bureti yake, ule mrija wa kioo wenye vipimo na koki chini, imekuwa miaka kadhaa sasa na bado hainitoki kichwani.

Ilikuwa moku, ule mtihani wa majaribio, ya kidato cha nne. Swali la kwanza la kemia kama kawaida titresheni, yaani kupima asidi kiasi gani inamaliza nguvu ya besi, asidi kwenye bureti, sodium hidroksaidi kwenye flaski, matone mawili ya MO, ile dawa inayobadilika rangi, unafungulia taratibu huku unatikisa mpaka njano igeuke kuwa rangi ya chungwa, unafunga, unasoma. Ile solusheni niliiandaa mimi mwenyewe jana yake jioni kutoka kwenye chupa iliyofunguliwa miaka miwili nyuma, na kila anayeijua sodium hidroksaidi anajua ukiiacha inapata hewa inavuta unyevu mpaka inalowana, kwahiyo ukipima gramu 4 sio gramu 4 za kweli, humo ndani kuna maji. Solusheni ikatoka nyepesi kuliko karatasi ya mtihani ilivyosema. Mimi sikujua. Nilikuja kuelewa baadae.

Napita katikati ya meza naangalia kazi zao. Karibu wote wameandika asidi iliyotumika ni 25.00, 24.90, 25.10, majedwali yamenyooka kama yametoka kiwandani. Kuna mmoja bureti yake ilikuwa inavuja pale kwenye koki, hajafika hata kwenye mzunguko wa pili, ila jedwali lake limejaa mpaka la tatu. Walipiga hesabu tu, pipeti ya kupimia sodium hidroksaidi ni 25, molariti, yaani ukali wa solusheni mbili, ni sawa kwa sawa, basi jibu lazima liwe 25 hapo hapo, wakaongeza pointi kidogo huku wakapunguza kidogo kule ili ionekane ya kweli. Alafu kwenye kona kuna huyu kijana, sio wa kwanza darasani wala sio wa mwisho, akaniita kwa mkono. Akaninong'oneza: mwalimu, yangu inatoka 22.40, nimerudia mara tatu nimepata 22.40, 22.50, 22.40, wenzangu wote wana 25, nifute?

Nikamwambia futa.

Nilimwambia hivyo kwa sababu niliona mbele, kwenye zile hesabu za kutafuta molariti, 22.40 ingempeleka kwenye majibu yasiyofanana na ya mtu yeyote na angepaniki na kupoteza muda, na mimi nilitaka apate C. Akafuta. Aliandika 25.00. Na kweli kwenye mtihani wa mwisho alipata C ya kemia na tulishangilia ofisini. Lakini usiku ule narudi nyumbani naiwaza ile namba, nikaenda maabara asubuhi nikafanya mwenyewe na ile ile solusheni, ikatoka 22.45. Kijana alikuwa sahihi. Katika watoto wote waliokuwa mle ndani ni yeye peke yake aliyefanya sayansi siku ile, na mimi mwalimu wake ndo nilimwambia afute.

Waheshimiwa, hiki kitu kina jina mashuleni, kinaitwa kupika data, na hakuna mwalimu wa sayansi asiyelijua hilo jina. Kwenye fizikia ndo usiseme. Mtoto anapewa pendulamu, uzi wenye kitu kizito kinachobembea, anatakiwa abadilishe urefu wa uzi, ahesabu mizunguko 20 kwa saa ya kusimamisha, achore grafu, atafute g, ile namba ya mvutano wa dunia. Na kila mtoto anajua g ni 9.8 au 10, amekaririshwa tangu kidato cha kwanza. Kwahiyo anaanzia mwisho, anachukua 10 anarudi nayo kinyumenyume kwenye fomula anapata muda ambao pendulamu ingetakiwa kutumia, anaujaza kwenye jedwali, pendulamu yenyewe iko pale imening'inia haijaguswa. Grafu inatoka mstari safi nukta zote ziko juu yake. Mtu yeyote aliyewahi kufanya pendulamu kweli kwa uzi wa kushonea na jiwe anajua nukta hazikai vile.

Naomba nieleweke, simlaumu mtoto hata kidogo. Mtoto ana akili, ameangalia mazingira yake akaona kinachohitajika ni jibu fulani na sio alichokiona, akatoa jibu. Tumemfundisha sisi. Tena tumemfundisha vizuri sana kuliko tulivyomfundisha kemia.

Sasa niwaambie inakuwaje mpaka tunafika hapo. Mwaka 2012 rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, fizikia, kemia na baiolojia, na nyie mnakumbuka ile michango, hakuna kaya iliyopona, watu walitoa hela, mchanga, tofali, wengine walitoa nguvu zao. Mi nilikuwa bado sijaajiriwa, nilimuona mama yangu anatoa hela ya michango ya maabara iliyotoka kwenye kuuza karanga. Majengo yakasimama, yapo, nashukuru kwa hilo na sitaki kuwa mtu asiyeshukuru. Lakini maabara sio jengo. Shule niliyoanzia kazi moja ya hizo maabara tatu ilikuwa stoo ya madawati yaliyovunjika, nyingine ilikuwa darasa la kidato cha kwanza kwa sababu watoto walizidi, na ile ya tatu ilikuwa na sinki nzuri kabisa ambazo hazijawahi kutoka maji tangu zifungwe. Maji ya praktiko watoto walikuwa wanabeba kwenye ndoo kutoka kisimani. Kupasha Benedikti, ile dawa ya kupimia sukari, tulikuwa tunatumia jiko la mchina, na siku mafuta ya taa yakiisha tunatumia mkaa, fikiria watoto kumi wamezunguka jiko moja la mkaa wanasubiri rangi ibadilike, aliyeko nyuma anaona nini?

Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka na nusu yake ni ya vitabu, kwahiyo inayobaki kwa shule yenye watoto 600 ni milioni 7 na nusu kwa mwaka mzima, tena ikija yote na kwa wakati. Hapo kuna chaki, umeme, karatasi za mitihani ya ndani, mlinzi, ukarabati, safari za mkuu kwenda vikao. Ukienda ofisini kuomba hela ya silva naitreti mkuu anakuangalia tu, na mi namuelewa. Kwahiyo kinachotokea kila mwaka ni kimoja, kemikali zinatunzwa. Zinafungiwa kabatini kwa ajili ya kidato cha nne. Mtoto anaingia kidato cha kwanza amechangamka anajua ataingia maabara, mwaka unaisha, cha pili kinaisha, akifika cha tatu anaruhusiwa kuacha fizikia na kemia na wengi wanaacha hata bureti hawajawahi kuishika, alafu mnatuuliza kwenye vikao kwanini watoto wanakimbia sayansi. Wanakimbia nini sasa? Hawajaionja.

Wanaobaki wanakuja kuguswa na praktiko kidato cha nne, muhula wa pili, wiki chache kabla ya pepa. Hapo hatufundishi tena, tunawanoa. Tunachukua mitihani ya miaka ya nyuma tunapitia moja baada ya nyingine, titresheni hivi, chumvi hivi, vioo hivi, waya wa umeme hivi, ukiona swali limekaa hivi jedwali lako linakuwa hivi. Chumvi ndo inaniuma zaidi. Mtoto anapewa unga mweupe atambue una kitu gani ndani, kazi tamu kuliko zote kwenye kemia, ni upelelezi kabisa, lakini yeye amekariri jedwali zima kuanzia juu mpaka chini kwa Kiingereza, jaribio, kilichoonekana, hitimisho, anashusha tu. Nimewahi kusahihisha jedwali limeandikwa mvuke umegeuza litmasi nyekundu kuwa bluu, na siku hiyo litmasi, zile karatasi za kupimia asidi na besi, hatukuwa nazo kabisa. Alipata maksi maana lilikuwa jibu la kwenye makingi skimu, ule mwongozo wa kusahihishia. Niliempa ni mimi.

Siku ya mtihani wenyewe sasa. Bureti nzima ziko chache, watoto wako wengi, wanaingia kwa mafungu, fungu la kwanza likiingia wengine wanawekwa karantini kwenye darasa wasikutane na waliotoka. Fungu la mwisho wanakaa mle masaa na masaa, njaa, joto, woga, wanakuja kuingia jua linazama na solusheni ziko chini ya ndoo na mwalimu kachoka. Mtoto huyo kazi yake ya miaka minne inapimwa kwa yale masaa mawili na nusu. Kama bureti yake ina ufa, ndo bahati yake.

Nataka niwakumbushe jambo ambalo mnalijua, ila naona tumelisahau maana yake. Mwaka 1963 pale Magamba Sekondari, Lushoto, kulikuwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu anaitwa Erasto Mpemba. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu, wanachemsha maziwa na sukari, wanasubiri yapoe ndo waweke kwenye friji. Nafasi kwenye friji ilikuwa inajaa, Mpemba hakusubiri, akaweka ya kwake ikiwa ya moto, na ikaganda kabla ya ya mwenzie ambaye aliweka isiyochemshwa. Akamuuliza mwalimu, mwalimu akamwambia umechanganyikiwa, haiwezekani. Alivyofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena kwenye somo la namna vitu vinavyopoa, akachekwa, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba sio fizikia ya dunia, na darasa zima likalifanya hilo neno kuwa utani wa kumpigia. Alafu akaja Dokta Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar es Salaam kutoa mhadhara shuleni kwao, Mpemba akasimama mbele ya wote akamuuliza swali lile lile. Osborne hakucheka. Alisema atajaribu, akarudi Dar akampa kazi fundi wa maabara, na mnajua fundi alirudisha jibu gani? Alisema ni kweli ya moto imeganda kwanza, ila ataendelea kurudia jaribio mpaka apate jibu sahihi!

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakaandika pamoja kwenye jarida la kimataifa la ufundishaji wa fizikia, na mpaka leo dunia nzima jambo hilo la cha moto kuganda kabla ya cha baridi linaitwa kwa jina la huyo kijana wetu, na wanafizikia wakubwa mpaka leo wanabishana kama inatokea kweli na kwanini. Wanabishana kwa kufanya majaribio. Sasa mi huwa najiuliza, Mpemba angekuwa darasani kwangu ile siku ya moku, na aiskrimu yake ingekuwa ni 22.40, ningemwambia nini? Najua ningemwambia nini. Nimeshamwambia.

Na kuna jambo la pili ambalo liko ndani ya hili hili. Mwaka juzi niliacha kusubiri kemikali. Nikawaambia kidato cha pili kila mtu aje na kitu cha jikoni kwao, wakaja na ndimu, siki, majivu, sabuni ya unga, magadi, na mimi nikachemsha choya, ile tunayotengenezea juisi nyekundu. Tukaweka choya kwenye vikopo, kamua ndimu inakuwa nyekundu kali, tia maji ya majivu inageuka inaenda kijani, darasa likapiga kelele mpaka mwalimu wa jirani akaja kuangalia kuna nini. Kuna binti mmoja ambaye hajawahi kunyoosha kidole tangu aanze shule, yuko kimya kabisa, akachukua kopo lenye magadi akakamulia ndimu, ikafoka povu. Akasema, mwalimu hii naijua. Nikamwambia eleza. Akasema nyumbani wakipika makande bibi anatia magadi ili maharage yaive haraka, na siku moja yeye alikamulia ndimu kwenye sufuria ikiwa bado jikoni ikafoka vile vile, na bibi akamgombeza kwamba ameua magadi, na kweli maharage yalichelewa kuiva. Kwahiyo mi nadhani, akasema, ndimu na magadi vinapigana, vikishapigana hakuna kinachobaki na nguvu, na lile povu ni hewa inayotoka kwenye magadi.

Nilikaa chini. Yaani hapo kuna asidi na besi, kuna nyutralaizesheni, kuna kabonati na asidi kutoa gesi, na kuna jaribio lenye ushahidi wa maharage, vyote kwenye maneno yake mwenyewe akiwa na miaka kumi na tano. Wiki mbili mbele nikatoa testi ya kuandika kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, swali ni hilo hilo, nini kinatokea asidi ikikutana na kabonati. Aliacha wazi. Hakuandika hata neno moja. Aliyepata maksi zote ni mwingine aliyeandika efavesensi ya gesi isiyo na rangi inayogeuza maji ya chokaa kuwa kama maziwa, nikamuuliza efavesensi ndo nini akasema mwalimu si gesi ya kabonidayoksaidi? Hapana, ni kule kufoka. Hakujua.

Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilitamka Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote, tukasubiri, bado tuko pale pale na sitaki kuufungua mjadala mzima wa lugha leo maana utameza barua. Ninachosema ni kidogo tu, yule binti alikuwa na kemia kichwani na mtihani wangu ukasema hana.

Na haya yote hayajatokea kwa kukosa mitaala. Tangu 2005 mtaala unasema umahiri, mtoto atende, na huu ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024 umerudia vizuri zaidi, nimeusoma, ni mzuri, kwenye karatasi sina ugomvi nao. Tumebadilisha pia namna ya kupanga madaraja, baada ya yale matokeo ya 2012 ambayo zaidi ya nusu ya watoto walipata sifuri tukayapanga upya, tukaja na GPA, yaani wastani wa pointi, 2016 tukarudi kwenye divisheni. Sawa. Lakini kote huko tulikuwa tunabadilisha namna ya kuandika alama, kile kinachopimwa kimebaki vile vile, na walimu wote tunafundisha kinachopimwa, huo ndo ukweli hata mtuandikie mtaala kwa wino wa dhahabu.

Kwahiyo ninachoomba kiko hapo kwenye kupima. Naomba praktiko ianze kuhesabiwa kidato cha kwanza. Kila mtoto awe na daftari la majaribio, aandike alichofanya na alichoona kwa tarehe, majaribio hata 6 tu kwa mwaka, mengi yawe ya vitu vya hapa hapa, choya, magadi, mbegu za maharage kwenye pamba, betri na waya, panzi na mende wa kwenye majani, hivi havihitaji tenda. Akimaliza kidato cha nne ana majaribio zaidi ya 20 aliyofanya kwa mikono yake na yaingie kwenye alama zake za mwisho kwa uzito unaoeleweka.

Najua mtasema walimu watapika. Ni kweli, tutapika. Nisiwadanganye, hata alama za maendeleo tunazotuma saivi kuna mahali zinapikwa na nyie mnajua. Ndo maana naomba kila mwaka aje mwalimu wa sayansi kutoka shule nyingine, sio afisa, mwalimu, na asitoe taarifa ya siku. Achague watoto watano kwa kura, achukue madaftari yao, afungue ukurasa wowote amwambie mtoto nifanyie hili hapa mbele yangu. Mtoto aliyefanya kweli atafanya hata kama atakosea kidogo. Ambaye hajawahi kufanya atasimama. Dakika 40, kipindi kimoja tu, na utakuwa umeijua shule nzima. Nauli ya mwalimu mmoja kwenda kata ya pili haiwezi kutushinda.

Na kwenye ule mtihani wa mwisho, maksi zimfuate mtoto na data yake. Kama amepata 22.40 na hesabu zake zote kuanzia hapo ziko sahihi, apewe zake, na mwalimu wa kituo atume matokeo aliyopata yeye na solusheni zile zile ili msahihishaji ajue kwenye kituo kile 22.40 ndo ukweli. Muweke na swali moja, moja tu, majibu yako yametofautiana vipi na ulivyotegemea na unadhani ni kwanini. Hilo swali halina jibu la kukariri. Na hilo moja mruhusu mtoto ajibu kwa Kiswahili au Kiingereza, anavyotaka, yule binti wa magadi angelijibu mpaka karatasi iishe.

Fundi wa maabara naomba kwa unyenyekevu, hata mmoja kwa shule tatu. Mi nina vipindi 28 kwa wiki, nikitoka darasani ndo nianze kuosha flaski na kupima kemikali, na ndo maana ile sodium hidroksaidi ilitoka vile ilivyotoka. Na hela ya kemikali ije na jina lake, ikae pembeni na hela ya mlinzi, ili mkuu asilazimike kuchagua.

Yule kijana nilikutana nae mwezi wa tatu mwaka huu stendi, anafanya kazi kwenye duka la pembejeo, anawapimia wakulima dawa za kupulizia. Tulisalimiana vizuri, tukacheka, nikamwambia kuna kitu natakiwa nikuambie, ile 22.40 ulikuwa sahihi, nilipima kesho yake. Alikaa kimya kidogo. Akasema, mwalimu, nilijua.

Waheshimiwa naomba mje. Msije siku ya ziara, siku ya ziara tunapiga deki na kupanga chupa tupu kwenye shelfu ili zionekane nyingi, nasema kweli kabisa tunafanya hivyo. Mje Jumanne ya kawaida kwenye shule yoyote ya kata, msitupigie simu, muingie darasa la kidato cha pili mumchague mtoto yeyote, mumuombe awaonyeshe namna ya kujaza bureti.